Konokono asiyepatikana kwingine duniani: kwa nini majani yanayooza msituni yanatuhusu sisi wakaazi wa Taita Taveta

Ukitaja wanyamapori mbele ya mkaazi wa kaunti hii, jambo la kwanza atakalokuambia ni ndovu. Atakueleza shamba lililoliwa usiku mmoja, tangi la maji lililovunjwa, watoto waliochelewa shule kwa kuogopa njia. Wala hakosei. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na makala nyingi za jarida hili kuhusu wanyama zimekuwa juu ya uzio, fidia na doria.

Toleo hili tunamzungumzia mnyama ambaye hajawahi kula shamba la mtu, na ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona, ingawa babu zetu wameishi naye mlima mmoja. Jina lake la kisayansi ni Gulella taitensis. Neno la pili, taitensis, maana yake ni “wa Taita”. Ni konokono mdogo wa nchi kavu. Makao yake ni misitu ya mvua ya milima ya Taita, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa mimea na wa konokono, ambaye alifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kurudi Uingereza kwenye bustani ya Kew. Leo konokono huyu yumo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Sababu iliyoandikwa hapo ni fupi: makao yake yanapotea.

Nilipoanza kuandaa makala haya, mwenzangu ofisini aliniuliza swali ambalo najua wasomaji wengi watauliza. Konokono ana faida gani? Barabara hazijaisha, maji hayatoshi, na wewe unaandika juu ya konokono? Nimelichukua swali hilo kwa uzito, na sehemu kubwa ya makala ni jibu lake. Lakini kwanza tumjue mnyama mwenyewe.

Konokono anayewinda konokono

Konokono tunaowajua zaidi ni wale wakubwa wa rangi ya kahawia wanaotokea mvua ikinyesha, wakipanda kwenye sukuma wiki na migomba. Hao hula majani na ni adui wa mkulima. Gulella ni ukoo mwingine kabisa. Wanasayansi wanauita Streptaxidae, nao ni ukoo wa wala nyama. Chakula chao ni konokono wenzao, na wadudu wengine laini wa chini ya majani. Humfuata windo polepole, huingiza kichwa ndani ya kombe lake na kumla akiwa humo humo.

Konokono wengi wa jenasi ya Gulella hawafiki urefu wa sentimita moja. Kombe lao huwa jeupe au la kung’aa kama kioo, limesimama kama pipa dogo, na mdomoni mwake mna vijino. Vijino hivyo si vya kutafuna. Ni sehemu ya kombe lenyewe, na wengi wanaamini kazi yake ni kuziba njia ili adui asiingie kwa urahisi. Mtaalamu hutumia lenzi kuhesabu na kupima vijino hivyo ili kutenganisha aina moja na nyingine, kwa sababu kwa macho matupu karibu wote wanafanana.

Kama konokono wengi wa nchi kavu, kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike pamoja. Hilo halimaanishi kwamba mambo ni rahisi kwake. Mwili wake ni maji matupu, umefunikwa kwa ngozi laini isiyozuia maji kutoka. Jua la saa sita mchana kwenye udongo mtupu humuua. Kwa hiyo maisha yake yote yamo ndani ya tabaka la majani yaliyoanguka: majani makavu juu, majani yanayooza katikati, mboji nyeusi chini. Humo mna unyevu, kivuli, chakula na chokaa ya kujengea kombe. Ukiondoa tabaka hilo umeondoa nyumba, soko na kisima kwa mkupuo mmoja.

Nilipanda msitu wa Ngangao asubuhi moja baada ya mvua nikiongozwa na mzee anayeishi kando yake. Nilidhani nitaonyeshwa konokono kama mtu anavyoonyeshwa swara. Mzee alicheka. “Mwanangu, huyo hatafutwi kwa kutembea. Piga magoti.” Tulipiga magoti chini ya mti mmoja mkubwa, tukachukua majani konzi kwa konzi, tukayatikisa juu ya gazeti. Baada ya nusu saa tulikuwa na jongoo, buibui, siafu wachache waliotuuma, na makombe manne madogo meupe, matupu, ambayo wenyewe walikwisha kufa. Je, yalikuwa ya Gulella taitensis? Mimi ni mwanahabari, siwezi kudai hivyo. Lakini hivyo ndivyo hata wataalamu hufanya kazi: hukusanya majani katika gunia, huyachekecha kwa wavu, kisha hukaa mezani kwa saa nyingi wakitenganisha kombe na mchanga kwa kibanio. Tulirudisha majani mahali pake kabla ya kuondoka. Mzee alisisitiza.

Kwa nini hapa na si kwingine

Milima ya Taita ndiyo mwisho wa kaskazini wa safu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo inaanzia hapa kwetu na kuingia Tanzania: Pare, Usambara, Uluguru, na kuendelea hadi Udzungwa. Milima yote hiyo ni ya mwamba wa kale sana, tofauti na Kilimanjaro tunayoiona kutoka Taveta, ambayo ni volkano changa kwa hesabu za jiolojia. Upande wa Kenya, Tao la Mashariki ni sisi peke yetu: Dawida, Sagalla na Kasigau.

Upepo kutoka Bahari Hindi huvuka nyanda kavu za Tsavo bila kuacha maji mengi. Ukifika kwenye milima unalazimika kupanda, unapoa, na kuacha ukungu na mvua. Mji wa Voi uko kwenye kimo cha mita 600 hivi. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Mtu anayetoka Voi asubuhi akiwa na shati jepesi na kufika Werugha akitetemeka anajua tofauti hiyo bila kuhitaji kipimo. Mvua ya juu ni mara mbili au zaidi ya ile ya bondeni.

Kwa sababu bahari imekuwa ikileta unyevu huo kwa muda mrefu mno, misitu ya milima hii iliendelea kuishi hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka. Wanyama wadogo waliokuwa ndani walibaki ndani. Nyanda zilizo kati yetu na Pare ni kavu, na konokono hawezi kuzivuka. Vizazi kwa vizazi, walio Taita wakawa tofauti na walio Pare, na walio Pare tofauti na walio Usambara. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na bahari yake ni jua na vichaka vya Tsavo.

Ndiyo maana jina “Taita” limetapakaa katika vitabu vya viumbe. Tuna ndege aina ya Turdus helleri, yule mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anayefukua majani chini ya miti. Tuna kinyonga mwenye pembe mbili bapa puani, Kinyongia boehmei. Tuna chura Callulina dawida, aliyepewa jina la kisayansi mwaka wa 2009 tu, na Sagalla kuna kiumbe asiye na miguu anayefanana na mnyoo mkubwa lakini ni ndugu wa chura, Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa mwaka wa 2005. Kuna vipepeo, kuna maua ya zambarau ya Saintpaulia teitensis kwenye miamba ya Mbololo, kuna mti wa kahawa ya mwitu uitwao Coffea fadenii. Konokono wetu ni mmoja katika familia hiyo, ila yeye hana sura ya kuwekwa kwenye kalenda.

Milima bado ni ya kijani, lakini tazama vizuri

Hapa ndipo penye jambo ambalo naomba kila msomaji alishike, kwa sababu mimi mwenyewe lilinishangaza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao cha utafiti pale Wundanyi, walilinganisha picha za milima yetu zilizopigwa kutoka angani mwaka wa 1955 na picha za mwaka wa 2004. Walipima msitu kipande kwa kipande. Waligundua kwamba eneo lote lililofunikwa na miti ya msitu lilikuwa karibu sawa na zamani. Upungufu ulikuwa mdogo sana, kama asilimia 2. Mtu angeishia hapo angesema mambo ni shwari. Lakini walipotenganisha msitu wa asili na miti iliyopandwa, picha iligeuka. Msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu. Pengo lilikuwa limejazwa na misonobari, mikaratusi na saipresi.

Kwa hiyo ukisimama Mwatate na kuangalia juu, unaona kijani. Ndovu angeona kijani. Konokono haoni hivyo. Majani ya msonobari ni kama sindano, hukauka haraka, huoza polepole sana, na huacha udongo wenye asidi. Asidi hula chokaa, na konokono bila chokaa hana kombe. Chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, mara nyingi ardhi ni kavu na kivuli ni chepesi. Miti hiyo ina kazi yake. Mbao za nyumba zetu na nguzo za stima zimetoka humo, na shamba la mikaratusi limesomesha watoto wengi wa kaunti hii. Hakuna anayesema ing’olewe kesho. Tunachosema ni kwamba msitu wa asili ukishatoka, mikaratusi haichukui nafasi yake machoni mwa viumbe wa chini.

Na msitu wa asili uliobaki ni mdogo kiasi gani? Mbololo, ulio mkubwa kuliko yote, ni takriban hekta 200. Ngangao ni kati ya hekta 90 na 120, kutegemea aliyepima na alichokihesabu. Chawia haifiki hekta 100. Kisha kuna vipande kama Fururu, Macha, Ndiwenyi na Mwachora, ambavyo ni vya hekta chache tu. Mtu anaweza kukizunguka kimoja kabla chai haijapoa. Weka pembeni Kasigau na Sagalla, ambazo ziko mbali na peke yake. Kwa lugha ya shambani, Ngangao nzima ni kama ekari 300 kwa kipimo kikubwa. Wapo watu wenye mashamba ya mkonge na ranchi katika kaunti hii ambazo ni kubwa mara nyingi kuliko hapo.

Kati ya kipande na kipande kuna mahindi, maharagwe, njia za magari na nyumba. Ndege anaweza kuruka, japo watafiti wamegundua hata baadhi ya ndege wetu wanasita. Konokono wa milimita chache hawezi kuvuka shamba la mahindi la mita mia mbili lililolimwa likiwa wazi kwa jua. Wale wa kipande kimoja wamebaki na kipande hicho. Moto ukipita humo msimu mmoja wa kiangazi, hakuna wengine wa kuja kujaza nafasi yao.

Kuna jambo la pembeni ambalo ni vigumu kuliona: ukingo. Msitu ukikatwa, jua na upepo huingia kwa ubavu na kukausha majani ya ndani kwa umbali fulani. Kipande kikiwa kidogo sana, kinakuwa ukingo mtupu, hakina tena ndani. Unaweza kuona miti mirefu imesimama na kumbe chini yake makao ya konokono yalikwisha kukauka.

Sasa tujibu lile swali la ofisini

Faida ya kwanza ni ya ndege. Miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi waligundua kwamba ndege wadogo wa misitu iliyoathiriwa na mvua ya asidi walikuwa wakitaga mayai yenye maganda membamba, mengine yakipasuka kiotani. Walifuatilia sababu hadi chini kwenye majani. Konokono walikuwa wamepungua kwa kukosa chokaa, na makombe yao ndiyo ndege walikuwa wakila ili kupata chokaa ya mayai. Uholanzi si Taita, lakini uhusiano huo haubadiliki kwa kuvuka bahari: ndege anayefukua majani anahitaji kilichomo kwenye majani.

Faida ya pili ni maji, na hapa nataka kuwa mwangalifu nisimpe konokono sifa isiyo yake. Konokono hatengenezi maji. Tabaka la majani analoishi ndilo linalotengeneza. Mvua inapopiga msitu wa asili, inaangukia majani, inapita kwenye mboji inayofyonza kama sifongo, na inaingia ardhini polepole. Ikipiga mlima uliosombwa majani, inateremka juu juu na kubeba udongo. Mto Voi unaanzia kwenye milima hii, unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki hadi bwawa la Aruba. Chemchemi zinazolisha vijiji vya Wundanyi na Mwatate zinatoka kwenye mteremko huo huo. Mkaazi wa Kaloleni anayenunua maji kwa mtungi ana uhusiano na majani ya Ngangao, hata kama hajawahi kufika huko.

Konokono ni kipimo. Kwa kuwa hawezi kukimbia na hawezi kuvumilia ukavu, yeye ndiye wa kwanza kutoweka tabaka la majani linapoharibika. Mti mkubwa unaweza kusimama miaka hamsini baada ya mizizi yake kuanza kukosa unyevu. Konokono hana subira hiyo. Daktari anapopima joto la mtoto hajali kipimajoto chenyewe, lakini hawezi kufanya kazi bila hicho.

Na kuna jibu la nne ambalo si la faida kabisa. Kati ya wanyama wote ambao wamerekodiwa kutoweka duniani tangu mwaka wa 1500, karibu asilimia 40 ni moluska, kundi la konokono na jamaa zake, na wengi wao ni konokono wa nchi kavu. Wengi walitoweka kwenye visiwa na vilima vidogo bila watu wa hapo kujua kwamba walikuwa nao. Sisi angalau tunajua.

Onyo dogo kuhusu kuhamisha konokono

Baada ya kusoma kwamba Gulella hula konokono wengine, mkulima anaweza kupata wazo: kwa nini nisiwachukue msituni niwaweke shambani, wanisaidie na wale wanaomaliza mboga? Wazo hilo si geni, na historia yake inatugusa kwa karibu.

Miaka ya 1950, maafisa wa kilimo wa Hawaii walikuwa na shida ya konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, aliyefika huko kwa mikono ya watu na kuharibu mazao. Walitafuta konokono wala nyama wa kumwinda. Baadhi walichukuliwa Kenya, wa ukoo huu huu wa Streptaxidae. Mmoja anaitwa Gonaxis kibweziensis, jina lililotokana na Kibwezi, jirani zetu wa Makueni. Mwaka wa 1955 wakaongeza mwingine kutoka Marekani bara, Euglandina rosea. Konokono mkubwa hakuisha. Huyo Euglandina aligeukia konokono wadogo wa asili wa Hawaii, ambao hawakuwahi kumwona adui wa namna hiyo, na baadaye alipopelekwa kisiwa cha Moorea mwaka wa 1977 akawamaliza konokono wa miti wa huko ndani ya miaka kama kumi. Wachache walibaki hai kwa sababu wanasayansi walikuwa wamewachukua na kuwafuga katika bustani za wanyama.

Konokono wa msituni hatasaidia sukuma wiki yako; jua la shamba litamuua siku ya kwanza. Na konokono wa shambani akipelekwa msituni kwa makusudi au ndani ya udongo wa miche, huko ndiko kwenye hatari. Anayepeleka miche ya kupanda kando ya msitu, akague mifuko yake.

Nani anahusika, na wewe unaingia wapi

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za serikali ya kitaifa kuhusu mali asili na mazingira, ikiwemo hifadhi ya udongo na maji na misitu. Misitu ya umma iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wanyama walio ndani wanaangukia pia KWS, na vielelezo vya konokono vinahifadhiwa na kuchunguzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi. Wananchi wana nafasi yao kisheria tangu Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 iliendeleza nafasi hiyo: jamii inayoishi kando ya msitu inaweza kuunda chama cha kijamii cha msitu na kuingia mkataba na KFS wa kuusimamia pamoja, pamoja na haki za matumizi kama kukusanya kuni zilizoanguka, kufuga nyuki au kuchukua dawa za asili kwa utaratibu uliokubaliwa.

Lakini wazee wetu hawakusubiri sheria ya mwaka wa 2005. Wadawida walikuwa na fighi, sehemu takatifu za msitu ambazo mti haukukatwa ovyo na mtu hakuingia bila sababu. Baadhi ya vipande vya miti ya asili tulivyo navyo leo vilinusurika kwa heshima hiyo. Hata asiyeshika imani hiyo leo anaweza kuona kwamba ilifanya kazi ambayo mabango yetu ya “Usikate Miti” bado yanahangaika nayo.

Kuna mambo machache ambayo ofisi hii ingependa yafike kila wadi ya mlimani.

Kubwa kuliko yote ni moto. Msimu wa kiangazi, mkulima anachoma mabaki ya mahindi, upepo unageuka, na kipande cha msitu kilichokaa maelfu ya miaka kinapoteza tabaka lake la majani alasiri moja. Miti mingi itachipua. Wa chini hawatachipua. Ikiwa shamba lako linapakana na msitu, usichome. Lundika mabaki yaoze yawe mbolea, au walishe ng’ombe. Ukiona moshi msituni, mjulishe chifu au mlinzi wa msitu mara moja, hata kama hujui umeanzia wapi. Hakuna atakayekulaumu kwa kutoa taarifa.

La pili ni majani yenyewe. Wapo wanaoingia msituni na magunia kukusanya majani ya kulazia ng’ombe au ya kutengeneza mboji. Inaonekana ni jambo dogo, hakuna mti uliokatwa. Kwa konokono ni sawa na tingatinga. Majani ya mikaratusi na misonobari kwenye mashamba yaliyopandwa, au mabua yako mwenyewe, yanafaa kwa zizi. Ya msitu wa asili yaache.

Kisha kuna sumu. Dawa za kuua konokono na wadudu zinazonyunyizwa kwenye mboga kando kabisa ya msitu hufika ndani kwa upepo na kwa maji. Acha mistari michache ya mwisho bila kunyunyiza, au panda hapo kitu kisichohitaji dawa.

Kuhusu upanzi wa miti, wanasayansi wamependekeza kwa miaka mingi kwamba vipande vyetu viunganishwe kwa ukanda wa miti ya asili, ili viumbe wapite kutoka kimoja hadi kingine. Ukanda wa namna hiyo utapita kwenye mashamba ya watu, na hautawezekana bila wao kukubali na kunufaika. Hatua ndogo inaweza kuanza kwenye mpaka wa shamba au kando ya kijito. Badala ya mikaratusi kwenye chemchemi, panda mkenge au mwiri. Anayekata msonobari uliokomaa karibu na Ngangao, Chawia au Mbololo, aulize ofisi ya misitu kuhusu miche ya asili kabla ya kurudisha msonobari mwingine. Kivuli kitachukua miaka, na konokono watachukua mingi zaidi kukifikia, kwa mwendo wao.

Walimu, mna darasa la bure mlimani. Nendeni na ruhusa ya walinzi, baada ya mvua, na lenzi moja kati ya wanafunzi kumi. Mkipata kombe dogo jeupe lenye vijino mdomoni, liwekeni kando ya sarafu ya shilingi moja mpige picha kwa simu, karibu iwezekanavyo, upande wa mdomo ukionekana. Andikeni tarehe, jina la msitu na mahali mlipolipata, mpeleke kwa ofisi ya misitu ili zifike Makavazi. Aliye hai msimguse kwa muda mrefu, chumvi ya vidole inamuumiza. Mrudisheni pale pale, na mfunike kwa majani mliyoyatoa.